Maswali ya Wasomaji: Joto la Ghafla Wakati wa Kukoma Hedhi

Barua zilizofika katika safu hii kuhusu kukoma hedhi zimekuwa nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja: joto linalopanda mwilini bila kubisha hodi, uso ukawaka, jasho likatiririka, kisha baridi ikafuata. Wengine huliita joto la ghafla, wengine husema mwili unawaka moto. Nimechagua barua saba ambazo kwa pamoja zinabeba karibu yote yaliyoulizwa, nikaondoa majina na kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

Shikamoo Daktari. Nina miaka 48 na hedhi bado ninapata, ingawa siku hizi inaruka mwezi, wakati mwingine miwili. Kwa miezi mitano sasa napatwa na joto nisiloweza kulieleza. Juzi nilikuwa nimesimama mbele ya wenzangu kazini nikisoma taarifa, mara nikahisi kama tanuri limewashwa kifuani mwangu. Karatasi ikalowa mkononi, nikashindwa kumaliza ukurasa. Nimepima joto la mwili, ni la kawaida. Nimepima shinikizo la damu, ni zuri. Mwenzangu mmoja ameniambia ni mawazo tu. Je, ni mawazo?

Marahaba. Si mawazo, na naomba uliweke hilo moyoni kabla ya kusoma mengine. Kilichokupata mbele ya wenzako ni tendo la mwili lenye chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho kiko ndani ya ubongo.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kulinda joto la mwili lisipande wala kushuka kupita kiasi. Kwa kawaida sehemu hiyo ni mvumilivu: ukipanda ngazi au ukinywa kitu cha moto, joto la ndani huongezeka kidogo nayo haishtuki. Lakini jirani na kituo hicho cha joto kuna kundi la neva ambalo miaka yote ya uzazi limekuwa likitulizwa na homoni ya estrojeni. Ovari zinapoanza kuchoka na estrojeni kuyumba na kupungua, neva hizo hukosa wa kuzituliza. Hunenepa, hufanya kazi kupita kiasi, na kumwaga kwa wingi kemikali iitwayo neurokinini B, ambayo huchokoza kituo cha joto mchana na usiku. Uvumilivu wa kituo hicho hufinyika, kiasi kwamba ongezeko dogo la joto ambalo miaka mitano iliyopita usingelihisi hata kidogo sasa linachukuliwa kuwa ni hatari, na ubongo unatoa amri ya kuupoza mwili mara moja.

Ukilielewa hilo, yale uliyoyaona siku ile yanapangika yenyewe. Mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi hutanuka, damu hukimbilia kifuani, shingoni na usoni, moyo huongeza mwendo, na tezi za jasho hufunguka. Wewe unahisi kuungua, kumbe mwili uko katika kazi ya kutoa joto nje. Ndiyo maana kipimajoto hakikuonyesha homa. Na baada ya dakika chache, kwa kuwa joto limetolewa kuliko ilivyohitajika, hufuata ubaridi na hata kutetemeka. Tukio moja kwa kawaida huchukua kati ya dakika 1 na 5, na huweza kuja mara chache kwa wiki au mara kadhaa kwa siku.

Hauko peke yako, maana takriban wanawake watatu kati ya kila wanne hupatwa na hali hii katika kipindi cha kuelekea kukoma hedhi na baada yake. Kuhusu muda, nitakuambia ukweli, kwa sababu wengi huambiwa wavumilie miezi michache tu na kisha hujilaumu miezi hiyo inapopita bila nafuu. Utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake nchini Marekani kuanzia mwaka 1996, na ambao matokeo yake kuhusu jambo hili yalichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopata joto la mara kwa mara, nusu walisumbuliwa kwa zaidi ya miaka 7. Walioanza kulipata wakiwa bado wanaona hedhi, kama wewe, ndio waliokaa nalo muda mrefu zaidi. Basi kusubiri lipite lenyewe si mpango, na tiba ipo, kama utakavyosoma katika majibu yanayofuata.

Mambo mawili ya kumalizia. Mwanamke mwenye umri wako, ambaye hedhi imevurugika na joto limeanza, kwa kawaida hahitaji kupima homoni katika damu ili kuthibitisha. Katika kipindi hiki homoni hupanda na kushuka kutoka wiki hadi wiki, na kipimo cha leo kinaweza kukuambia jambo tofauti na cha mwezi ujao. Pia, maadamu hedhi haijakoma, mimba bado inawezekana. Ushauri uliozoeleka ni kuendelea na uzazi wa mpango hadi hedhi ikatike kwa miaka 2 mfululizo kwa aliye chini ya miaka 50, na mwaka 1 kwa aliyevuka umri huo.

Daktari, mchana nimeuzoea, usiku ndio unaniumiza. Naamka saa saba au saa nane mto umelowa, nabadilisha gauni la kulalia, nalala, baada ya saa moja naamka tena. Asubuhi nina hasira na kila mtu nyumbani, kisha najuta. Nina miaka 51. Sitaki kuanza na dawa. Nifanye nini kwanza?

Hasira unazozitaja zina mama yake, na mama yake ni usingizi. Mtu yeyote anayeamshwa mara mbili au tatu kila usiku kwa miezi atakuwa mkali, atasahau maneno katikati ya sentensi, na atalia kwa jambo dogo. Nalisema hili kwanza kwa sababu wanawake wengi huja wakilalamikia tabia zao wenyewe, hali tatizo ni kwamba hawajalala.

Tuanze na kitanda. Ondoa blanketi moja zito, weka mawili mepesi, ili joto linapokuja usukume moja tu kwa mguu bila kuamka kabisa. Vaa nguo ya pamba, iliyo pana, na uiweke nyingine iliyokunjwa kando ya mto mahali ambapo mkono utaifikia gizani. Kuwasha taa na kufungua kabati ndiko kunakokuamsha moja kwa moja, zaidi ya jasho lenyewe. Tandika taulo nyepesi juu ya shuka upande wako, ili ukiloa uiondoe taulo tu na shuka ibaki kavu. Weka maji ya kunywa karibu, na kama una feni, ielekee miguuni badala ya usoni. Katika majaribio ya kitabibu hatua hizi hazijathibitika kupunguza idadi ya matukio, wala sikuahidi kwamba zitafanya hivyo. Zinachofanya ni kukurudisha usingizini baada ya dakika tano badala ya saa nzima, na kwa mtu aliye katika hali yako hilo ni jambo kubwa.

Kisha chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa joto lilipokuja, ulikuwa unafanya nini, ulikula au kunywa nini saa mbili zilizotangulia, na lilikuwa kali kwa kiwango gani kati ya 1 na 10. Ukurasa wa kawaida husomeka hivi: "Jumanne, saa nne usiku, chai ya moto, nimegombana kwa simu, 8. Jumatano, hakuna chai, nimelala mapema, mara moja tu, 4." Wapo ambao pombe, pilipili, kahawa, chumba chenye joto au msongo wa mawazo huwaletea joto kila mara, na wapo ambao hakuna hata kimoja kinachowagusa. Ndiyo maana sipendi orodha za makatazo zinazogawiwa kwa wanawake wote sawasawa. Mtu huacha kila anachokipenda, joto likabaki pale pale, akakata tamaa. Acha kile ambacho daftari lako mwenyewe limekishtaki. Sigara pekee ndiyo nitakayokuambia uache bila kusubiri daftari, kwa kuwa wavutaji hupata joto zaidi na mifupa na moyo wao viko hatarini zaidi katika umri huu. Na kama uzito umezidi, kuupunguza kumeonekana kupunguza joto kwa baadhi ya wanawake.

Kati ya njia zisizo za dawa, zilizo na ushahidi mzuri ni mbili, nazo ndizo zinazotajwa kwa nadra zaidi. Moja ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubadili namna anavyoyafikiri na kuyakabili matukio ya mwili wake. Haifuti joto, lakini hupunguza sana namna linavyokusumbua na husaidia usingizi, na huweza kujifunzwa katika vikao vichache, kwa kikundi au hata kwa kitabu cha mwongozo. Nyingine ni tiba ya kuingizwa katika hali ya utulivu mzito na mtaalamu aliyefunzwa kitabibu. Zote mbili zilipendekezwa mwaka 2023 na chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini baada ya kupitia tafiti zilizopo.

Chama hicho hicho hakikupendekeza virutubisho vya soya wala mimea inayouzwa kwa jina la dawa za kukoma hedhi kuwa tiba ya joto hili, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu au unapingana. Neno "asili" lililoandikwa kwenye chupa halimaanishi salama. Baadhi ya bidhaa hizo zimehusishwa na madhara ya ini, na nyingine hugongana na dawa unazotumia. Ikiwa tayari unatumia mojawapo, mwambie daktari wako, hata kama hakukuuliza.

Jipe wiki sita mpaka nane katika hatua hizi. Ukiona usiku haujabadilika, usijione umeshindwa kwa kuhitaji dawa.

Nina miaka 52, hedhi ilikoma mwaka mmoja na nusu uliopita. Joto linanijia mara kumi na zaidi kwa siku. Daktari wangu amenishauri tiba ya homoni, nami ninaogopa. Dada yangu mkubwa alikuwa akitumia vidonge hivyo zamani, akavitupa siku moja baada ya kusikia kwamba vinaleta saratani ya matiti, na mpaka leo anatuonya. Nimsikilize nani?

Dada yako hakuzusha. Mwezi Julai mwaka 2002 utafiti mkubwa nchini Marekani, uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa na mfuko wa uzazi, ulisitishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa estrojeni pamoja na projestini, dawa ya jamii ya homoni ya projesteroni, walionekana kupata madhara kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Habari ilienea duniani kwa siku chache, na mamilioni ya wanawake wakaacha dawa. Naheshimu uamuzi wa dada yako kwa yale aliyoyajua siku ile. Lakini yako mambo ambayo habari ile haikuyaeleza vizuri, na wewe una haki ya kuyajua.

La kwanza ni ukubwa wa hatari. Ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Kila mmoja kati ya hao wanane ni mtu, na sitaki kulifanya dogo. Ila mwanamke anayefikiri kwamba kidonge hicho kitamletea saratani kwa hakika anabeba hofu isiyolingana na namba. La pili ni umri. Washiriki walikuwa na miaka 50 hadi 79, na wastani wao ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, wakati mishipa yao ya damu tayari imezeeka. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba picha ni tofauti kwa anayeanza akiwa na umri chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome: kwa mwanamke wa aina hiyo, mwenye joto kali na asiye na kizuizi cha kiafya, faida kwa kawaida huzidi hatari. Wewe umo ndani ya mipaka yote miwili. La tatu ni kwamba waliokwisha kuondolewa mfuko wa uzazi, ambao walipewa estrojeni peke yake katika sehemu nyingine ya utafiti huo, hawakuonyesha ongezeko la saratani ya matiti.

Kwa upande wa faida, hakuna dawa inayolishinda estrojeni katika kutuliza joto la ghafla. Kwa wastani hupunguza idadi ya matukio kwa takriban robo tatu. Anayepatwa mara 12 kwa siku anaweza kubaki na mara 3. Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki chache, na ni busara kuipa dawa miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Inalinda pia mifupa.

Sasa hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Kwa kuwa una mfuko wa uzazi, usitumie estrojeni peke yake kamwe, kwani hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko na kuongeza hatari ya saratani ya hapo. Ni lazima iandamane na projesteroni au dawa ya jamii yake. Estrojeni inayopitia kwenye ngozi, kama kiraka cha kubandika au jeli, inaonekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kugandisha damu kuliko vidonge, na mimi kwa mwanamke mwenye uzito mkubwa au anayeumwa kichwa cha kipandauso ningependelea njia hiyo. Tiba hii haiwafai waliowahi kuugua saratani ya matiti, waliopata kiharusi au shambulio la moyo, waliopata damu kuganda kwenye mishipa, wenye ugonjwa wa ini unaoendelea, wala wanaotokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Kama hakuna hata moja kati ya hayo upande wako, rudi kwa daktari wako, muulize ni aina gani, kipimo gani, na mtakutana lini kuitathmini. Kukutana walau mara moja kwa mwaka ni jambo la lazima. Na mpelekee dada yako maelezo haya, si kwa ajili ya kumshinda katika mabishano, bali kwa kuwa hofu yake ilitokana na upendo.

Nilitibiwa saratani ya matiti miaka miwili iliyopita na natumia tamoksifeni. Tangu nianze dawa hiyo naungua usiku na mchana. Nimefikiria kuiacha. Nasikia homoni zimekatazwa kwangu. Je, nimeachwa bila msaada?

Hujaachwa. Tafadhali usiiache tamoksifeni kwa uamuzi wako peke yako. Dawa hiyo inakulinda saratani isirudi, na joto unalolipata ni athari yake inayofahamika sana. Ni kweli kwamba homoni si njia yako, lakini ziko dawa nyingine zisizo za homoni.

Baadhi ya dawa zilizotengenezwa kutibu sonona hutuliza joto la ghafla kwa kipimo kidogo, hata kwa mtu asiye na sonona. Kwa anayetumia tamoksifeni, venlafaksini ndiyo inayochaguliwa mara nyingi. Paroksetini nayo hutuliza joto, lakini ni miongoni mwa dawa zinazozuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni kuwa katika hali yake yenye nguvu, kwa hiyo wewe uiepuke. Nalirudia kwa sababu kosa hili hutokea kirahisi pale mgonjwa anapoandikiwa dawa na madaktari wawili wasiojuana: beba orodha ya dawa zako zote kila unapokwenda kumwona daktari. Gabapentini, inayojulikana kama dawa ya kifafa na maumivu ya neva, husaidia hasa usiku kwa kuwa huleta usingizi, ingawa wengine huamka na kizunguzungu. Oksibutinini, dawa ya kibofu, nayo hupunguza joto. Hukausha kinywa, na kwa wenye umri mkubwa huweza kuathiri kumbukumbu.

Halafu kuna dawa mpya, ambazo zinanipa furaha kwa sababu zimetokana na kukielewa chanzo chenyewe nilichokieleza katika jibu la kwanza. Fezolinetanti, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023, huziba mlango ambao neurokinini B huupitia ili kuchokoza kituo cha joto, bila kugusa estrojeni hata kidogo. Hunywewa kidonge kimoja cha miligramu 45 kwa siku. Sharti lake ni kupima ini kabla ya kuanza na mara kadhaa katika miezi ya mwanzo, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kali kuhusu madhara ya nadra ya ini. Anayeitumia akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi, au anawashwa mwili, aiache na kwenda hospitali. Haijafika kila nchi, na kwa aliyetibiwa saratani uamuzi wa kuitumia ni wa daktari wake wa saratani. Mwambie daktari huyo, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, kwamba umefikiria kuacha dawa kwa sababu ya joto. Sentensi hiyo itamfanya alichukulie jambo hili kwa uzito linaostahili.

Mimi ni mwanamume. Mke wangu ana miaka 50. Usiku anatupa shuka, anafungua dirisha, kisha anaomba nisimguse. Nimeanza kufikiri amenichoka. Nisaidie nielewe.

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza. Joto linapompanda, ngozi yake yote imejaa damu na jasho, na mkono wa mtu mwingine juu yake, hata uwe wa upendo kiasi gani, ni joto juu ya joto. Kukuomba usimguse kwa dakika tano si kukukataa. Dakika hizo zikipita, mara nyingi huja baridi, na hapo huenda shuka uliyoiokota na kumfunika ikawa ndiyo anayoitaka.

Muulize mchana, si usiku, ni nini kinachomsaidia na nini kinachomkera. Kubalini kulala na mashuka mawili tofauti kwenye kitanda kimoja. Kama tendo la ndoa limekuwa gumu, fahamu kwamba kupungua kwa estrojeni hukausha uke na kusababisha maumivu, na kwamba kuna vilainishi na krimu za estrojeni za kupaka ukeni kwa ajili hiyo. Hizo za kupaka ukeni kwa kipimo kidogo hazitibu joto la ghafla, ila hutibu ukavu vizuri. Mwambie aje kumwona daktari, na wewe ukiweza fuatana naye.

Nina miaka 39. Natokwa jasho jingi usiku kwa miezi miwili sasa, nguo zangu zimeanza kunipwaya ingawa sijapunguza chakula, na nina kikohozi kisichoisha. Hedhi inakuja kama kawaida. Rafiki zangu wanasema nimewahi kukoma hedhi. Ni kweli inaweza kuanza mapema hivi?

Inaweza, lakini barua yako hainionyeshi hivyo. Hedhi inayokuja kwa wakati wake, kikohozi cha miezi miwili na kupungua uzito bila kutaka ni mambo yanayoelekeza kwingine, na la kwanza kulichunguza ni kifua kikuu. Nenda ukapimwe makohozi na kifua wiki hii, na ukubali kupima virusi vya UKIMWI pia. Daktari atafikiria vilevile tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mapigo ya moyo ya haraka na kukonda; na baadhi ya saratani za damu na za mitoki, ambazo nazo hulowesha mtu usiku. Joto la kukoma hedhi halileti homa inayoonekana kwenye kipimajoto, halileti kikohozi, wala halimkondeshi mtu. Ninawaomba wasomaji wote walishike hilo, kwa kuwa nimeona ugonjwa unaotibika ukicheleweshwa kwa sababu tu mgonjwa alikuwa mwanamke wa makamo na kila mtu alikuwa na jibu tayari.

Kuhusu swali lenyewe: wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40 haihesabiwi kuwa jambo la kawaida la umri, na hapo vipimo vya homoni vinahitajika na hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Mwanamke wa namna hiyo kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni hadi karibu na umri wa kawaida wa kukoma hedhi, ili kulinda mifupa na moyo wake, na hofu zilizojadiliwa juu hazimhusu kwa namna ile ile, kwa kuwa anarudishiwa tu kile ambacho wenzake wa umri wake bado wanacho. Ndivyo ilivyo pia kwa walioondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji wakiwa bado vijana, ambao joto huwajia kwa kishindo ndani ya siku chache.

Nina miaka 57. Joto limepungua sana na nilishukuru Mungu. Hedhi ilikoma miaka minne iliyopita, lakini wiki iliyopita niliona damu kidogo kwenye nguo ya ndani, siku moja tu, haikuuma. Je, hedhi inaweza kurudi?

Mama, baada ya miezi 12 kamili bila hedhi, damu yoyote inayotoka ukeni, hata tone, hata ya siku moja, hata isiyouma, haihesabiwi kuwa hedhi. Mara nyingi chanzo ni ukuta wa uke au wa mfuko wa uzazi uliokonda kwa kukosa estrojeni, au kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini ni dalili ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi pia, na saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Utapimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti ili kuona unene wa ukuta wa ndani wa mfuko, na ikibidi itachukuliwa sampuli ndogo. Barua hii nilimjibu mwandishi wake siku ile ile ilipofika, bila kusubiri toleo hili lichapwe, naye ameshapangiwa siku ya kupimwa. Msomaji mwingine aliye katika hali kama hiyo asisubiri tone la pili.